Shajara ya mradi: herufi zisizoumiza macho kwenye kompyuta tatu za Linux

Jumamosi, 4 Januari 2025

Leo naanza kuandika kila ninachogusa. Wiki mbili nzima nimebadilisha mipangilio ya fonti kwenye kompyuta za dukani bila kuweka kumbukumbu, na sasa sijui kipi kilisaidia na kipi kiliharibu.

Duka letu la steshenari liko Ngamiani, hapa Tanga. Tunatoa fotokopi, tunachapa barua, CV, kadi za mialiko na mitihani ya shule za jirani, na tunawajazia watu fomu za mtandaoni. Kompyuta ni tatu, zote za mtumba. Mwezi Desemba nilizihamishia Debian 12, mojawapo ya matoleo ya Linux, yenye eneokazi la Xfce, kwa sababu Windows iliyokuwemo haikuwa na leseni, ilikuwa nzito, na kila flashi ya mteja ilikuwa inaingia na virusi vyake. Kwa wepesi na usalama sijuti hata kidogo. Tatizo ni macho ya dada yangu. Yeye ndiye anayekaa mbele ya skrini kutwa, na tangu tuhamie Linux ikifika alasiri kichwa kinamuuma. Anasema herufi zinaelea. Juzi nilikaa kwenye kiti chake nikachapa kurasa tatu za mtihani wa jiografia, na nilipomaliza nilielewa anachosema: mistari ina ukungu, herufi m inaonekana kama doa, na baina ya herufi moja na nyingine nafasi zinapishana bila mpango.

Kompyuta zenyewe: ya mbele ina skrini ya inchi 19, pikseli (nukta zinazounda picha) 1440 kwa 900. Ya katikati ni inchi 24, pikseli 1920 kwa 1080. Ya tatu ni laptop ya inchi 14, pikseli 1366 kwa 768. Nimepiga hesabu ya nukta kwa inchi: ya mbele 89, ya katikati 92, laptop 112. Linux inazihesabu zote kuwa 96 isipoambiwa vingine.

Lengo langu ni hili: dada achape kuanzia asubuhi hadi kufunga duka bila kuumwa kichwa, na mtu akileta faili lake, litoke kwenye printa kama alivyoliandika.

Jumapili, 5 Januari

Kompyuta ya mbele haikuwa na tatizo la fonti hata kidogo. Niliandika `xrandr` kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) nikaona inatuma picha ya 1024 kwa 768 kwenye skrini ya 1440 kwa 900. Skrini ikawa inainyoosha ile picha ili ijaze kioo, na kila herufi inasambaa kwenye pikseli zisizo zake. Siku zote zile nilikuwa nahangaika na mafaili ya fonti kumbe picha yenyewe imevutwa kama chapati.

Waya wake ni wa VGA na una pini moja iliyovunjika, kwa hiyo kompyuta haikuweza kuisoma skrini na ikakisia ukubwa. Nimenunua waya mwingine, nikabonyeza kitufe cha skrini cha kujipanga yenyewe. Mabadiliko yanaonekana ukiwa mlangoni.

Naandika hapa ili nisisahau: kabla ya kugusa fonti, hakikisha skrini inapokea idadi yake halisi ya pikseli.

Jumanne, 7 Januari

Leo nimefuta kila kitu nilichokuwa nimenakili kutoka mtandaoni. Nilikuta mafaili manne yanayopingana. Moja liko `~/.fonts.conf`, mahali pa kizamani palipoachwa. La pili `~/.config/fontconfig/fonts.conf`. La tatu ni `.Xresources`. La nne ni mipangilio ya Xfce yenyewe, kwenye dirisha la Mwonekano. Moja linasema hinti (maelekezo ya kunyoosha herufi kwenye pikseli) kamili, jingine hinti hafifu, la tatu linasema hinti zizimwe. Maelekezo mengine yalinitaka nisakinishe Infinality, viraka vilivyosifika sana mwanzoni mwa miaka ya 2010 lakini vilivyokwisha kuachwa zamani. Mtu anayeanza leo hana namna ya kujua kwamba ushauri anaousoma umri wake ni zaidi ya miaka kumi, na hilo linaniudhi kuliko ukungu wenyewe.

Kwa hiyo nikaamua kwanza nielewe safari ya herufi kutoka kwenye faili hadi kwenye kioo. Nimeielewa hivi.

Programu inasema: nataka Calibri, ukubwa wa 11. Ombi hilo linakwenda kwa fontconfig, iliyoanzishwa na Keith Packard. Fontconfig ni dalali. Haichori chochote, inatazama fonti zilizomo kwenye kompyuta, inasoma sheria zake, kisha inasema: Calibri sina, chukua hii badala yake. Kisha HarfBuzz inapanga maumbo: herufi ipi ishikane na ipi, alama ya irabu ikae wapi. Jina lake limetokana na maneno ya Kiajemi, na neno harf lililomo ndani yake ni lile lile lililotupa sisi herufi. Mwisho FreeType inachukua umbo lililoandikwa kwa mistari na mikunjo na kuligeuza kuwa pikseli. Ukungu unatokea hapo mwisho, lakini amri zinazousababisha hutolewa tangu kwa dalali, na huko ndiko watu wengi tunakopotea.

Sheria za fontconfig ziko `/etc/fonts/conf.d`, na zinasomwa kwa mpangilio wa namba zilizo mwanzoni mwa jina la faili. Faili la mtumiaji linasomwa kupitia `50-user.conf`. Kwa hiyo chenye namba 60 kinasomwa baada yangu. Ningejua hili Desemba ningeokoa usiku tatu.

Jambo jingine lililonila saa nzima: nilisahau kufunga alama moja ya `</match>` kwenye faili langu. Sheria zangu zote zikakosa kufanya kazi, na hakuna dirisha lililonionya. Fontconfig hulalamika, lakini hulalamikia kwenye terminali, na mtu aliyefungua programu kwa kubofya menyu hayaoni malalamiko hayo. Tangu leo, nikihariri faili hilo natumia kwanza:

`FC_DEBUG=1024 fc-match sans-serif`

Amri hii inaonyesha kila faili la mipangilio linapopakiwa. Faili langu lisipotokea kwenye orodha, au likitokea pamoja na kosa, najua pa kuanzia.

Alhamisi, 9 Januari

Siku ya hinti. Hinti ni maelekezo madogo yaliyomo ndani ya fonti, yanayousogeza mstari wa herufi ukae barabara juu ya safu ya pikseli. Chukua miguu mitatu ya m: bila hinti mguu mmoja unaweza kuangukia katikati ya pikseli mbili, na zote mbili zikatiwa kijivu. Huo kijivu ndio ukungu. Ukiweka hinti kamili herufi zinakuwa kali, lakini maumbo yanapindishwa na fonti zinaanza kufanana. Hinti hafifu inasogeza juu na chini tu, pembeni inaacha umbo kama lilivyochorwa.

Ili kuelewa kwa nini Linux imechelewa katika jambo hili inabidi kurudi nyuma kidogo. Apple ilikuwa na hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) juu ya namna ya kutekeleza hinti za TrueType. Kwa sababu hiyo FreeType, ingawa ilikuwa na uwezo huo, iliusambaza ukiwa umezimwa, ikategemea kukisia hinti zake yenyewe. Hataza hizo ziliisha Mei 2010, na toleo la 2.4 la mwaka huo huo likauwasha. Kisha kuna ClearType, teknolojia ya vijipikseli iliyotangazwa na Microsoft mwaka 1998, nayo ikiwa na hataza zake. Mwaka 2017, FreeType 2.8.1 ilileta njia yake nyingine ya kupata matokeo yanayokaribiana bila kuingia kwenye hataza hizo. Kwa hiyo miaka mingi watu waliosema herufi za Linux ni mbaya hawakuwa wakisema uongo, na waliotengeneza Linux hawakuwa wazembe. Mafundi walijua dawa lakini sheria haikuwaruhusu kuitoa. Nilipoisoma habari hii nilijikuta nawaheshimu sana waliokaa miaka yote hiyo wakitafuta njia halali.

Vijipikseli ni hivi: kila pikseli ya skrini ya kawaida ina vipande vitatu vilivyosimama, chekundu, kijani na buluu. Ukivitumia kimoja kimoja, unapata upana mara tatu wa kuchorea kingo za herufi. Faida ni kubwa kwenye skrini yenye pikseli chache kama zetu. Gharama yake ni rangi: mwenye jicho kali anaona wekundu upande mmoja wa herufi na ubuluu upande mwingine.

Nilimketisha dada mbele ya kila kompyuta nikabadilisha mpangilio bila kumwambia ni upi. Kwenye laptop alichagua vijipikseli pamoja na hinti hafifu, mara tatu mfululizo. Kwenye kompyuta ya mbele, yenye waya wa VGA, alivikataa papo hapo: "Hii ina rangi rangi, itoe." Ana haki. VGA hupeleka picha kwa mawimbi, na pikseli ya kompyuta haikutani kikamilifu na ya skrini, hivyo kipande chekundu kinaweza kuangukia mahali pasipo pake. Kwa hiyo ya mbele nimeiwekea kijivu cha kawaida na hinti hafifu. Ya katikati ina HDMI, waya wa kidijitali, na tumeiwekea sawa na laptop.

Nilijaribu pia kuiambia laptop ukweli kwamba ina nukta 112 kwa inchi. Herufi zikawa nzuri, lakini madirisha marefu ya mipangilio yakapita chini ya skrini, kitufe cha kukubali kikawa hakionekani, maana urefu wote ni pikseli 768. Nimerudi hadi 104. Si namba sahihi kwa hesabu, ila dada anaona vizuri na vitufe vinafikika.

Jumamosi, 11 Januari

Leo tumepata aibu mbele ya mteja.

Kijana mmoja alileta CV yake kwenye flashi. Usaili wake ni Jumatatu. Aliiandika kwingine kwa Calibri, ukurasa mmoja uliopangwa vizuri. Kwetu ikafunguka kurasa mbili, majina ya wadhamini yakasukumwa ukurasa wa pili peke yake, jedwali la elimu likavunjika. Dada akadhani kijana amelileta faili bovu, kijana akadhani sisi tumeliharibu. Nikaandika:

`fc-match Calibri`

Jibu: `DejaVuSans.ttf: "DejaVu Sans" "Book"`.

Hapo nikaelewa. DejaVu Sans ni fonti njema, ina herufi za lugha nyingi mno, lakini ni pana. Maneno yale yale yanachukua nafasi kubwa kuliko Calibri, mistari inajikunja mapema, na ukurasa unafurika.

Kosa lilikuwa langu. Desemba, ili kuokoa bando, nilisakinisha LibreOffice, programu yetu ya kuandikia nyaraka, nikizuia vifurushi vinavyopendekezwa visije. Miongoni mwa nilivyovizuia vilikuwemo vifurushi hivi viwili: `fonts-crosextra-carlito` na `fonts-crosextra-caladea`. Carlito imetokana na fonti ya Lato, na upana wa kila herufi yake umelinganishwa na Calibri. Caladea imelinganishwa na Cambria. Kuna pia Liberation, zilizotolewa na Red Hat mwaka 2007, ambazo vipimo vyake vinaoana na Arial, Times New Roman na Courier New. Sura inatofautiana kidogo, lakini mstari unakatika pale pale ulipokatika kwa mwenye faili. Fontconfig inazijua jozi hizi tayari. Zimeandikwa kwenye `30-metric-aliases.conf`. Ilikuwa inangoja fonti zenyewe tu.

Baada ya kusakinisha, `fc-match Calibri` ikajibu Carlito. CV ikarudi ukurasa mmoja. Hatukumtoza kijana hela ya kuchapa.

Nimekumbuka pia kwamba tangu 2007 Calibri ndiyo iliyokuwa fonti ya kuanzia kwenye Office, na sasa Microsoft imeiweka Aptos mahali pake. Aptos haimo kwenye jozi za fontconfig iliyomo kwenye Debian 12. Mafaili yake yatakuja, na yatafurika. Kwa hayo nimemwambia dada: mteja akiwa na PDF, aombe PDF, asipokuwa nayo, amwonyeshe ukurasa kwenye skrini kabla ya kuchapa.

Jumapili, 12 Januari

Sikukuu ya Mapinduzi, duka limefungwa. Nimetengeneza ukurasa wa majaribio wa kwetu, kwa sababu sentensi ya Kiingereza ambayo kila programu inaitumia kuonyesha fonti hainiambii ninachotaka kujua. Wa kwangu una maneno haya: ng'ombe, ng'ambo, aling'ang'ania, ng'oa na ngoa zikiwa zimekaa jirani, mamlaka, mmomonyoko, umaarufu, kisha namba za kumbukumbu za malipo zenye sifuri na O, moja na I na l.

Kiswahili kina m nyingi, na m ndiyo herufi inayoteseka zaidi kwenye skrini yenye pikseli chache. Ukitaka kujua kama mpangilio wa hinti ni mzuri, tazama neno mmomonyoko kwa ukubwa wa 10. Miguu ya m ikiungana, mpangilio haufai. Na kile kidoti cha ng' ni chembamba sana: kikilainishwa kupita kiasi kinageuka kivuli cha kijivu, na msomaji anasoma ngoa palipoandikwa ng'oa. Kung'oa na kuona ngoa, yaani wivu, ni mambo mawili yaliyo mbali mno.

Kwa kipimo hiki, Noto Sans na DejaVu Sans zimefaulu kwa ukubwa wa 10. Nimechagua Noto kwa menyu na madirisha.

Jumatano, 15 Januari

Siku ya kukata tamaa. Nilidhani nimemaliza.

Dirisha la kuingilia, lile linaloomba nenosiri, bado lina herufi za zamani. Sababu: linaendeshwa na LightDM kabla mtumiaji hajaingia, kwa hiyo halijui lolote kuhusu mipangilio yangu. Lina faili lake, `/etc/lightdm/lightdm-gtk-greeter.conf`, na ndani yake hinti, vijipikseli na nukta kwa inchi vinaandikwa upya.

Programu moja niliyoisakinisha kwa Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu, haifuati sheria zangu za fontconfig. Flatpak inaifungia kila programu kwenye chumba chake, na folda yake ya mipangilio si ile yangu. Fonti zangu inaziona, sheria zangu haizioni. Dawa:

`flatpak override --user --filesystem=xdg-config/fontconfig:ro`

Programu nyingine imejengwa kwa GTK 4, zana za kujengea madirisha ya programu. Hiyo haitumii vijipikseli kabisa, hata uiombe vipi; inachora kwa kijivu tu. Kilichosaidia kidogo ni kuandika `gtk-hint-font-metrics=1` kwenye `~/.config/gtk-4.0/settings.ini`, nafasi baina ya herufi zikatulia. Zilizojengwa kwa Qt, zana nyingine za aina hiyo, nazo zina njia yake, nimeziwekea qt5ct, programu ya kuzipangia mwonekano.

Nimehesabu mahali nilipolazimika kuandika jambo lile lile moja, yaani hinti hafifu: Xfce, fontconfig, Xresources, LightDM, qt5ct. Mara tano. Kila timu ina sababu yake ya haki. Lakini mama anayetaka tu kusoma barua ya mwanawe hawezi kutarajiwa ajue majina haya matano. Angehitaji mahali pamoja pa kusema: macho yangu yanataka hivi, na programu zote zisikie. Hilo ndilo ningeliomba kwa watengenezaji kama ningepewa nafasi ya kuomba jambo moja.

Nimefunga duka mapema.

Jumamosi, 18 Januari

Mwalimu wa madrasa ya mtaa wa pili alikuja na daftari la babu yake. Ni utenzi wa Kiswahili ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, karatasi zimekuwa kahawia na pembe zinamegeka. Anataka uchapwe upya vile vile, kwa herufi zile zile, ili wajukuu wauone kama ulivyoandikwa, na kando yake uwekwe kwa herufi za Kilatini. Nilimwamkia, nikampa kiti, nikamwambia nitaweza. Kwa kweli nilikuwa sijajaribu.

Nilichapa ubeti wa kwanza. Herufi zikatoka kwa DejaVu Sans: ngumu, zimebanana, irabu za juu zikigongana na nukta. Mwalimu alitazama akanyamaza. Kisha akasema kwa upole, "Hii inasomeka, lakini haina adabu."

Nimeshughulika nayo siku nzima, na haya ndiyo niliyoyapata.

Fontconfig inakijua Kiswahili. Ukiandika `fc-list :lang=sw` inakuletea orodha ndefu. Lakini Kiswahili inachokijua ni cha herufi za Kilatini peke yake. Karne kadhaa za tenzi, barua na mikataba ya pwani iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu hazimo katika maana yake ya Kiswahili. Kwa hiyo ukiupa utenzi huu alama ya lugha ya sw, dalali anakutafutia fonti ya Kilatini, kisha kwa kila herufi ya Kiarabu anaokoteza mbadala wowote. Inabidi nimwambie ni Kiarabu ili apate pa kuanzia.

Tatizo la pili ni herufi ambazo Kiarabu chenyewe hakina. Mwandishi wa daftari hili ametumia پ kwa pa, چ kwa cha, na ڤ kwa va. Zipo fonti za Kiarabu zenye herufi za Kiarabu tu. Ikikosekana ڤ, herufi hiyo moja inaletwa kutoka fonti nyingine katikati ya neno: unene tofauti, mstari wa kuungia haukutani, neno linaonekana limevunjika mfupa. Amri iliyoniokoa ni hii:

`fc-list ":charset=6a4" family`

Inaorodhesha fonti zile tu zenye ڤ, maana 6a4 ndiyo namba ya herufi hiyo katika Unicode. Nikarudia kwa 67e na 686. Zilizopita zote tatu na kunipendeza ni Scheherazade ya SIL, shirika linaloshughulika na lugha, na Amiri ya Khaled Hosny wa Misri. Amiri imefuata chapa ya kiwanda cha Bulaq cha Cairo, na mtu aliyesoma msahafu wa zamani anaitambua mara moja.

Tatizo la tatu lilikuwa LibreOffice. Nilichagua Amiri kwenye kisanduku cha fonti, maandishi hayakubadilika. LibreOffice inaweka fonti kwa makundi matatu: za Magharibi, za Asia ya Mashariki, na za maandishi changamani, ambamo Kiarabu kimo. Kundi la tatu linafichwa hadi ulifungulie kwenye mipangilio ya lugha. Nilikuwa nabadilisha kundi la kwanza muda wote. Nilipolifungua, nikaweka Amiri ukubwa wa 18, nafasi ya mistari nikaiongeza hadi 1.3 ili irabu zipumue.

Nikampigia mwalimu simu. Atakuja wiki ijayo.

Jumanne, 21 Januari

Fupi. Dada alikosea namba ya kumbukumbu ya malipo ya mteja: sifuri na O. Bahati nzuri tuliona kabla ya kulipa. Nimebadilisha fonti ya kisanduku tunachonakilia namba, nimeweka DejaVu Sans Mono, ambayo sifuri yake ina alama ndani.

Kwa karatasi za darasa la kwanza na la pili tunazochapia shule, nimesakinisha Andika. Nayo ni ya SIL, na jina lake ni neno letu la Kiswahili: andika. Imechorwa kwa ajili ya watu wanaoanza kujifunza kusoma, herufi zake zisichanganywe, na a yake ni ile ya mviringo mmoja ambayo mtoto anafundishwa kuiandika. Mwalimu mmoja wa shule aliona karatasi ya kwanza akauliza kama anaweza kupewa fonti hiyo nyumbani. Leseni yake ni huria, nikamwekea kwenye flashi.

Jumamosi, 25 Januari

Asubuhi nimeweka mafaili yote kwenye folda moja na kuandika skripti fupi inayoyanakili mahali pake kwenye kila kompyuta, yakiwemo ya LightDM na Flatpak. Kompyuta ikiharibika, robo saa inatosha kuirudisha. Laptop na ya katikati zinashiriki faili moja la fontconfig, ya mbele ina lake kwa sababu ya VGA.

Dada amemaliza wiki nzima bila kumeza panadol. Jana alichapa mtihani wa kurasa kumi na moja kwenye laptop, akanyanyuka kuchemsha chai kama kawaida.

Mwalimu wa madrasa alikuja saa tano. Nilimkalisha kwenye kompyuta ya katikati, nikaufungua utenzi wake, beti arobaini za mwanzo. Akavaa miwani, akausogelea mstari wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti, kwa mahadhi yake, kidole kikifuata kwenye kioo. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri fotokopi wakanyamaza. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne akasimama.

"Hapa umeandika fe. Babu aliandika ve."

Nikainama kutazama. Nukta moja juu badala ya tatu. Nililinganisha na daftari: nukta tatu, zimefifia lakini zipo. Nilikosea mimi kwenye kibodi, na kwa ile DejaVu ya wiki iliyopita asingeliona kosa hilo, wala mimi nisingeliona. Nikairekebisha akiwa amekaa pale pale, akaendelea na ubeti wa tano.